Nta ya Baba, Petroli ya Mama

Juzi nilipeleka gari kuoshwa pale Mwisenge, na wale vijana wa kuosha wakaanza kubishana. Mmoja alitaka lipakwe nta ya kopo. Mwenzake akasema nta ni mambo ya wazee, siku hizi kuna dawa ya maji inayoziba rangi, na ikishakauka hata tope halishiki. Wakavutana weee, gari langu linadondosha maji juani na mimi nachelewa kikao. Kisha yule wa nta akafungua kopo lake ili ninuse mwenyewe. Harufu iliponifika nikajikuta nimewafokea kwa sauti iliyowashangaza wao na mimi pia. Nikawaambia wasipake chochote, wanipe ufunguo wangu. Hadi nafika nyumbani nilikuwa bado nimewakasirikia watu ambao hawakuwa hata wamezaliwa jambo lenyewe lilipotokea.

Tulikuwa tunakaa Bunda, mtaa wa Kabasa. Baba alikuwa karani kwenye mambo ya pamba, na zamani kidogo, kabla hali haijawa mbaya, alinunua gari dogo jeupe kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa miaka iliyofuata. Mnakumbuka ugali wa njano. Mnakumbuka kwamba ukikuta watu wamepanga mstari unaunga kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Petroli ilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa kujuana, na baba hakuwa na watu wa kujuana nao. Kwa hiyo gari lilikaa uani, safi, limefunikwa turubai, na kuku walikatazwa hata kulisogelea. Kuna watoto waliokuwa na baba mwenye gari na wakapanda gari. Mimi nilikuwa na baba mwenye gari na nikalitazama.

Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea, nchi inabana mafuta. Amri ile kwetu ilikuwa kama kumkataza kiwete asicheze ngoma, maana gari letu halikutembea hata Jumanne. Lakini baba aliiheshimu kwa namna yake. Ikifika saa nane anatoa turubai, anakunja suruali, anawasha jiko, na saa hiyo hiyo rafiki yake Sudi anaingia uani na kigari chake cha kijani, amekisukuma kutoka kwake na watoto wa jirani.

Sudi alikuwa fundi wa kushona viti vya magari pale mjini, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na mikono safi. Yeye na baba walipendana sana, na walibishana kila Jumapili juu ya kitu kimoja: gari lipakwe nini. Baba alikuwa mtu wa nta ya nyuki. Aliipata kwa wauza asali waliotoka upande wa Ikoma, akaiyeyusha kwenye kopo, akachanganya na matone ya mafuta ya taa, akapaka kwa kitambaa laini ambacho zamani kilikuwa shemizi ya mama. Sudi aliamini nta ni ushamba.

"Nta yako inayeyukaga juani," alikuwa akimwambia. "Saa saba ukiweka mkono hapo boneti inanata. Vumbi lote la barabara ya Mwanza linakuja kulala kwako. Sasa umepaka gari au umetega nzi?"

"Nta inakaa juu ya rangi kama ngozi," baba anajibu. "Mvua inateleza. Hiyo midawa yako ya chupa imetengenezwa na nani? Nyuki simjui akidanganya mtu."

"Nyuki hajawahi kuwa na gari."

Hivyo hivyo, mpaka jua linashuka. Mama anapita na ndoo kichwani, anawapitia pembeni.

Mimi, Nyangeta, nilikuwa darasa la kwanza, na nilikuwa nimeshajipatia maelezo yangu. Kwetu, mtoto hapelekwi safari mkavu. Siku ya kwenda popote mama alitukamata mimi na mdogo wangu, akatupaka mafuta usoni, miguuni, mpaka nyuma ya masikio, tukang'aa, ndipo tukatoka. Nikaona gari nalo linapakwa. Basi nikajua linaandaliwa kusafiri, ila halijang'aa vya kutosha, ndiyo maana kila Jumapili jioni linarudishiwa turubai. Nilikuwa nikimaliza kuosha vyombo nakwenda kulikagua. Nikiona uso wangu kwenye mlango narudi ndani, navaa gauni langu la kanisani, nakaa kizingitini kusubiri. Nilisubiri Jumapili nyingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninasubiri nini.

Safari niliyoijua mimi ilikuwa moja tu, ya Butiama kwa bibi mzaa mama. Kwa watu wenye petroli si mbali. Kwetu bibi alikuwa mtu wa kusimuliwa. Mama alikuwa mtoto wake wa kwanza, na nilijua anamkosa kwa sababu alipokuwa anasonga ugali peke yake alikuwa akizungumza naye kwa Kizanaki, kwa sauti ndogo, anamweleza mambo ya siku.

Kisha ikaja habari kwamba bibi anaumwa, hatoki kitandani, na anamwulizia mama. Aliyeileta alikuwa kijana aliyekuja kuuza ndizi sokoni. Mama hakulia. Alifungua sanduku, akatoa doti yake ya vitenge, ile nzuri aliyopewa na bibi huyo huyo siku ya harusi, akaikunja ndani ya kanga iliyochakaa, akatoka. Aliporudi, dereva wa malori ya pamba alikuwa anamfuata nyuma amebeba dumu la petroli. Miaka ile nguo ya maana ilikuwa adimu kuliko petroli yenyewe, na dereva alikuwa na mke anayemnunia. Dumu likawekwa stoo, nyuma ya gunia la mihogo, na nyumba nzima ikanuka petroli. Kwangu ilikuwa harufu nzuri kuliko pilau.

Hiyo ilikuwa Jumamosi jioni. Mama alitaka tuondoke Jumapili asubuhi. Baba akasema hapana, Jumapili kuna ibada, halafu saa nane itatukuta njiani tukamatwe. Tutaondoka Jumatatu alfajiri, kazini ataomba ruhusa.

"Na gari lina vumbi," akaongeza. "Siwezi kufika ukweni na gari la vumbi. Watasema mtoto wao nimemweka wapi."

Mama alimtuma yule kijana wa ndizi atangulie na ujumbe: Jumatatu asubuhi tunafika, na gari. Nakumbuka alivyolisema lile neno gari. Alitaka mama yake alisikie.

Jumapili ile Sudi aliingia uani bila kigari chake. Chini ya kanzu alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande cha gunia, akatazama nyuma mara mbili kabla ya kukifungua, maana siku zile kukutwa hata na sabuni ya nje ilikuwa kesi. Ilikuwa chupa. Ndugu yake alikuwa ameipitisha mpakani Sirari. Ndani kulikuwa na dawa nyeupe kama maziwa, na kwa mujibu wa Sudi, ukiipaka mara moja inaziba rangi, jua haliingii, mvua haiingii, mpaka mwaka unakwisha.

"Leo tunamaliza ubishi," alisema. "Nusu boneti nta yako, nusu dawa yangu. Tunamwaga maji. Macho yenyewe yataamua."

Baba akacheka. Kopo lake la nta lilikuwa tayari linayeyuka jikoni. "Paka."

"Ngoja. Hii haishikagi juu ya nta. Inataka rangi tupu. Hii minta yako ya miaka yote lazima itoke kwanza."

"Itoke kwa nini? Sabuni hakuna."

"Mafuta ya taa."

"Taa yenyewe siku hizi tunaiwashaga kwa dua."

Nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholala, na niliwaona wote wawili wanageuza macho kuelekea stoo, kwa pamoja, kama watu walioitwa.

"Kikombe tu," baba alisema. "Kipande cha boneti kinatosha kikombe."

Jiko likasogezwa mbali, dumu likaletwa. Baba alilowesha kitambaa, akasugua. Nta ya miaka ilianza kutoka, ya njano, imeshika vumbi, na chini yake pakaibuka weupe ambao hakuna aliyeukumbuka. Kumbe gari letu halikuwa tena jeupe. Lilikuwa limegeuka rangi ya samli polepole, na sisi kwa kulitazama kila siku hatukujua. Sasa katikati ya boneti palikuwa na duara jeupe pe, na gari zima pembeni ya njano.

Sudi alirudi nyuma akaangalia. "Sasa hapo," alisema, "utaenda ukweni na ng'ombe wa mabaka."

Lile neno ndilo lililotumaliza. Nimemfikiria Sudi miaka mingi na sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa anatania kama kawaida yao. Lakini baba alitazama lile duara. Akamimina tena. Akamaliza boneti. Boneti nyeupe ikaufanya mlango uonekane mchafu, akaenda mlangoni. Mlango mmoja ukausuta wa pili. Sudi akakunja kanzu akasaidia upande wa nyuma, na huko huko wanaendelea, huyu anasema nta ingekuwa mbaya isingeng'ang'ania hivi, yule anasema kitu kinachogeuza rangi ya gari si kinga ni ugonjwa. Na kila baada ya sentensi chache dumu linainama.

Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Kwa akili yangu, hiki ndicho kilichokosekana Jumapili zote zile. Walikuwa wanapaka nta, kumbe gari linataka petroli. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema gari haliendi bila petroli, na hii hapa inapakwa, na gari linageuka jipya mbele ya macho yangu. Nikakimbia ndani.

"Mama, baba anatia petroli kwenye gari."

Mama alikuwa anachagua mchele wa kupeleka kwa bibi. Aliinua uso. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mzee Sudi anamsaidia."

Niliona kitu kinapita usoni mwake. Alidhani baba ameamua kuvunja amri ya saa nane kwa ajili yake, ameona kesho ni mbali, wakikamatwa wakamatwe. Aliinuka haraka. Akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akamimina mchele kwenye kikapu, akaweka juu yake kile kifurushi cha sukari alichokuwa ameficha hata sisi tusikijue. Akatukamata mimi na mdogo wangu, akatupaka mafuta. Alikuwa anaimba chini chini. Mikono yake ilikuwa na haraka, lakini haikuniumiza hata kidogo.

Tukatoka nje, mama mbele na kikapu kichwani, mimi nimemshika mdogo wangu.

Gari lilikuwa jeupe kabisa. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Baba na Sudi walikuwa wamechuchumaa mbele ya boneti, huyu anapaka nta nusu yake, yule dawa nusu yake, wameweka na ndoo ya maji tayari. Matambara yalikuwa yametapakaa chini, na uani pote palinuka petroli inayokauka juani. Dumu lilikuwa limelala ubavu, mdomo wazi.

Baba alimwona mama na nguo zake, na kikapu. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akalitazama dumu, na nadhani ndipo kwa mara ya kwanza alipoelewa alichofanya. Alisimama na kile kitambaa mkononi.

"Ipo kidogo imebaki," alisema.

Sudi alilichukua dumu akalitikisa karibu na sikio. Akaliweka chini polepole. "Shemeji," alisema, "kesho asubuhi mimi mwenyewe naenda kuongea na madereva kule kiwanda cha pamba."

Mama alitua kikapu. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepiga kelele, angemwaga ile ndoo, angefanya chochote ambacho mtoto angekielewa. Alilizunguka gari lote, polepole, kama mtu anayenunua.

"Baba Nyangeta," alisema alipomaliza, "gari limependeza."

Akarudi ndani. Sudi alikusanya chupa yake akaondoka, maji hayakumwagwa, na mpaka leo sijui ipi ingeshinda. Hilo nalo linanikera. Walau wangemaliza.

Jumatatu baba aliondoka mapema kwenda kutafuta petroli. Mama hakumsubiri. Alimwacha mdogo wangu kwa jirani, akanibeba mgongoni mpaka barabara kuu, tukakaa kwenye majani na kikapu chetu. Mabasi hayakuja. Magari ya serikali yalipita yamefunga vioo. Jua likatupiga mpaka mchana, ndipo lori la pamba likasimama, tukapandishwa juu ya magunia. Halikufika mbali, likapasuka tairi, na tairi miaka ile halikuwa jambo la kubadilisha, lilikuwa jambo la kusubiri. Tulifika Kiabakari giza likiwa limeshaingia, tukalala kwa watu wema ambao mama hakuwajua. Asubuhi tukatembea. Kila nilipomwuliza mama kama tumekaribia alinijibu kwa kuongeza mwendo.

Tulipoingia kwenye mji wa bibi watu walikuwa wananawa mikono. Wanaume walikuwa na majembe. Mama alisimama pale pale, na kikapu kichwani, na nilimsikia anauliza kwa Kizanaki, kwa ile sauti ndogo ya jikoni, na hakuwa anamwuliza yeyote aliyekuwepo.

Mama mdogo ndiye aliyekuja kumtua kikapu. Alilia kwanza, kisha akasema, na aliyasema bila kujua anachofanya, maskini, alidhani anamfariji. "Jana alikuwa na nguvu kidogo, dada. Ujumbe wako ulimfikia. Mchana kutwa alikuwa anasikiliza gari. Kila kikinguruma kitu kule barabarani ananiambia nimkalishe, nimfunge kitambaa vizuri, mkwe asimkute vibaya. Jioni ndiyo akachoka."

Baba alifika Jumatano kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa ameendesha kutoka Bunda, na vumbi lilikuwa limemfunika mpaka kope. Mjomba alimpa maji ya kunawa. Alinawa uso tu, akaenda kukaa na wanaume, na siku zote za matanga alikaa na shati lile lile.

Watu wa umri wangu wakisimulia miaka ile huilaumu hali. Hali ilikuwa ngumu, ni kweli, na mimi nimekwishasema hivyo kwenye vikao vingi. Nimejaribu hata kumtetea baba moyoni: mtu amenyang'anywa kila cha kujivunia, amebaki na boneti moja ya kung'arisha, utamlaumu vipi akiishikilia. Najibishana mwenyewe mpaka nakaribia kumsamehe. Halafu nakumbuka mikono ya mama ikinipaka mafuta, na ule wimbo, na hasira inarudi upya, kwa baba, kwa Sudi, kwa saa nane, kwa nyuki wenyewe.

Baba hakupaka nta tena. Sudi aliendelea kuja, wakawa wanakaa kwenye benchi wanazungumzia mvua. Mama alimkaribisha chai kama zamani. Alipika, alifua, alicheka panapochekesha. Kitu kimoja tu kilibadilika, na ni mimi peke yangu niliyekigundua kwa sababu ndimi niliyekuwa nashinda naye jikoni. Hakuzungumza tena na mtu akisonga ugali.

Miaka ikaenda, mambo yakaachiwa. Dukani zikajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni, na makopo ya nta na chupa za dawa za kuziba rangi yakapangwa rafuni wazi wazi, mtu anayabeba barabarani bila gunia. Pale mjini kikafunguliwa kituo cha mafuta ambacho mtu unaingia tu, unajaziwa, unaondoka, hakuna anayekuuliza kibali. Nilikuwa msichana mkubwa sasa. Baba alinunua betri na matairi, akashinda na fundi siku nzima, na asubuhi moja akatoka na gari. Tulimsikia anarudi. Alilisimamisha mlangoni kabisa, bila kuzima, akashuka, akazunguka akafungua mlango wa mbele wa abiria, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa.

"Nimejaza tenki," baba alisema. "Mpaka juu. Vaa, mama Nyangeta. Twende Butiama."

Mama alitupa kijiwe alichokiona kati ya dagaa, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kwa nani?"